Muulize Fundi: Beseni la maji chini ya kitanda halisaidii kitu

Mwezi huu nimepata barua za hewa kavu mpaka nikashangaa, maana mwezi uliopita mlikuwa mnaniuliza habari za paa kuvuja. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ukiielewa hiyo zilizobaki zinajijibu nusu.

SWALI: Habari za kazi fundi. Mi niko Minneapolis, huu mwaka wa pili, kazi yangu kuangalia wazee, tunakaa apatimenti ya chumba kimoja mimi na watoto wawili. Baridi ikianza tu hita inawaka usiku kucha na hapo ndo balaa linaanza, mtoto wa mwisho anaamka na damu puani, mimi midomo imepasuka mpaka pilipili siwezi kula, nikigusa kitasa cha mlango napigwa shoti, nikimvua mtoto sweta nywele zinasimama zote. Rafiki yangu kaniambia niweke beseni la maji chini ya kitanda, nimeweka wiki tatu hamna kitu. Mashine za dukani bei zake nimeziona, na moja ya bei rahisi niliyoazimwa na jirani ilinijazia unga mweupe kwenye TV. Hivi siwezi kujitengenezea mwenyewe? – Mama wa wawili, Minneapolis

JIBU: Pole dada, na kwa hiyo pilipili pole mara mbili. Unaweza, tena kwa vitu ambavyo vingi unavyo hapo hapo ndani. Ila ngoja kwanza nikwambie kwa nini chumba kikavu wakati nje theluji imejaa mpaka magotini, maana hapo ndo wengi wanapochanganyikiwa, mtu anajiuliza theluji si maji? Maji ndiyo, lakini hewa ya baridi haina kifua cha kubeba maji. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri, hata ikiwa imeshiba kabisa, kwenye mita moja ya ujazo inabeba mvuke wa gramu 2 na kidogo. Ikishapenya kwenye mianya ya dirisha na mlango ikaingia ndani, hita ikaipasha mpaka nyuzi 21, hewa hiyo hiyo sasa ina uwezo wa kubeba gramu 18. Hita haijaiongezea hata tone, imeiongezea kiu. Ina gramu zake 2 na nafasi ya 18, yaani unyevu wa asilimia 12 hivi, na hiyo kiu itaimalizia wapi kama sio kwenye pua ya mtoto, midomo yako, miguu ya meza na ule mmea wa dirishani ambao najua umeshakufa.

EPA, lile shirika la serikali ya Marekani la mazingira, linasema unyevu wa ndani uwe chini ya 60 na ukiweza uukalishe kati ya 30 na 50. Sasa tupige hesabu kidogo, usinikimbie. Chumba cha mita 3 kwa 4, dari mita 2 na nusu, ni mita za ujazo 30. Kuitoa hewa ya humo kwenye ukavu wa 12 uifikishe 40 unahitaji kama gramu 5 kwa kila mita, mara 30, gramu 150, glasi moja ya chai haijai. Mtu akiishia hapo anasema ah kumbe kazi ndogo. Tatizo hewa haitulii. Nyumba inavuja, ya ndani inatoka ya nje inaingia, tuseme kila baada ya masaa mawili hewa yote imeshabadilika, basi kila saa unadaiwa gramu 75 nyingine, na usiku wa masaa 8 unajikuta unatakiwa kuvukiza kati ya nusu lita na lita moja kamili. Usiku mmoja tu, na kesho tena.

Haya, turudi kwa beseni lako. Umewahi kuangalia asubuhi maji yamepungua kiasi gani? Nina uhakika hayakufika hata nusu kikombe, kwa sababu beseni la upana wa sentimita 35 linaipa hewa eneo la moja ya kumi ya mita ya mraba, na umelisukumia chini ya kitanda ambako hewa yenyewe imelala kuliko wewe. Kinachovukiza maji ni ukubwa wa eneo lililolowa na hewa inayopita juu yake. Ujazo wa maji uliyoweka hauna maana yoyote, hata uweke pipa. Nyumbani hili tunalijua bila kusoma, shuka ukiitandaza kwenye kamba na upepo unapuliza imekauka kabla hujamaliza kuosha vyombo, ukiiacha imekunjwa kwenye ndoo utaikuta kesho bado imelowa na inanuka.

Kwa hiyo mashine yako ya kwanza ni taulo. Taulo kubwa la kuogea, sentimita 70 kwa 140, ukihesabu pande zake zote mbili ni karibu mita 2 za mraba, yaani beseni lako mara 20. Lilowanishe, likamue mpaka liache kudondosha, lianike kwenye kile kianikio cha kukunja cha nguo, pande mbili zisigusane katikati, chini weka trei au beseni lile lile likamate matone, halafu hatua moja hivi kutoka hapo weka feni ndogo iwe inalipuliza polepole. Feni ya kawaida tu, hata ile ya USB ya kuchomeka kwenye chaja ya simu. Isilielekee kitanda, elekeza mlangoni hewa izunguke. Basi. Mashine ndo hiyo.

Unataka kujua inafanya kazi au unajidanganya kama ulivojidanganya na beseni? Kama una mizani ya jikoni, pima taulo likishakamuliwa usiku, andika, pima tena asubuhi. Kilichopungua ndo kilichoingia hewani. Ukikuta gramu 500 zimeondoka uko vizuri, zikiwa 200 sogeza feni au ongeza taulo la pili. Na kama ni siku ya kufua, wala usihangaike na taulo, anika nguo za watoto humo humo chumbani usiku. Kuna watu wanaweka nguo kwenye mashine ya kukaushia inayotupa mvuke wote nje kwa bomba halafu wanaenda kununua mashine ya kuleta mvuke ndani. Mi nilicheka nilipoliona hilo mara ya kwanza, baadae nikagundua na mimi ndo nilikuwa nafanya hivo hivo msimu mzima.

Ukichoka kulowanisha taulo kila jioni, tengeneza ya ndoo. Chukua ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko, ile ya rangi au ya mafuta ya kupikia, ioshe vizuri. Ubavuni kuanzia katikati kwenda juu toboa matundu mengi ya upana wa kidole gumba, kuizunguka yote, hayo ndo ya kuingizia hewa. Kwenye mfuniko kata shimo la ukubwa wa feni, na feni inayofaa hapa ni ile ya kompyuta ya milimita 120, ya volti 12, zinatolewa kwenye kompyuta mbovu bure kabisa, na adapta ya volti 12 utaikosa vipi wakati kila nyumba ina droo ya adapta ambazo hakuna anayejua ni za nini. Ifunge kwa skrubu au zile kamba za plastiki za kubania nyaya, na ielekeze ivute hewa kutoka ndani ya ndoo itupe juu. Ndani pinda waya wa henga uwe kama fremu ya duara, uvishe kitambaa cha taulo kizunguke ukuta wa ndoo kikiyaziba matundu yote kwa ndani, na pindo lake la chini lizame kwenye maji. Hewa ikitaka kuingia lazima ipenye kwenye kitambaa kilicholowa, hapo hamna njia ya panya.

Mambo mawili yanawaangusha watu kwenye hii ndoo. Moja ni taulo jipya, au lililofuliwa na ile dawa ya kulainishia nguo, linakuwa na mafuta halivuti maji, unalitia ndani linakaa kavu kama halijaambiwa. Tafuta taulo kuukuu, lifue maji ya moto mara mbili bila hiyo dawa. La pili ni kimo. Maji kwenye kitambaa hayapandi kama mkwezi, yanapanda kidogo yanachoka, kwa hiyo ukiweka maji sentimita 5 chini ukategemea kitambaa cha sentimita 30 kilowe mpaka juu utakuta nusu ya juu imekauka kabisa na hewa inapita hapo hapo. Jaza maji mpaka karibu na matundu ya chini, na kitambaa kisimame kifupi. Asubuhi ukipita ligeuze, lililokuwa juu liende chini.

Umeme sasa, na hapa dada sitanii kabisa. Juu ya maji weka feni ya volti 5 au 12 peke yake, adapta ibaki mbali ukutani na waya wake ulegee chini kidogo kabla haujapanda kwenye soketi ili tone likitambaa na waya lidondokee sakafuni. Feni ya kuchomeka moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba usiifunge kwenye mfuniko wa ndoo ya maji hata fundi gani akwambie inawezekana. Na taulo usilitundike juu ya hita ya umeme ya kubeba, huo ni moto. Kama nyumba yenu ina yale mabomba ya ukutani ya maji moto hapo sawa, tundika bila wasiwasi.

Halafu kuna kitu kitakufurahisha. Kuvukiza lita moja ya maji kunakula joto la karibu uniti 0.7 za umeme, na hakuna ujanja wa kulikwepa, uchemshe kwenye birika au ulianike taulo, deni ni lile lile. Tofauti ni nani analipa. Ukichemsha linatoka kwenye soketi yako. Ukitumia taulo linatoka kwenye hewa ya chumba, kinapoa kidogo na hita inafidia, na kama kodi yenu ya nyumba imejumlisha joto basi anayelipa ni mwenye nyumba. Mi sijasema kitu.

Ule unga mweupe wa jirani: ile mashine yake haikuwa ya kuvukiza, ni ile inayotikisa maji mpaka yanarushwa kama ukungu, sasa maji ya bomba yana chumvi na chokaa ndani yake, ukungu ukikauka hewani chokaa inabaki inaelea, inatua kwenye TV, nyingine mnaivuta. Ndo maana zile wanataka maji yaliyotoneshwa ya kununua. Taulo halina hilo, mvuke unaondoka peke yake na chokaa inabaki kwenye kitambaa, ndo kile kigumu cheupe utakachokiona baada ya wiki mbili. Loweka kwenye siki na maji nusu kwa nusu, suuza. Maji ya ndoo mwaga kila siku, usiongezee juu ya ya jana, na kila wiki kitambaa kiende kwenye maji ya moto. Likianza kunuka ujue umeshachelewa.

Na usithubutu kutia dawa ya kuua wadudu ndani ya hayo maji ili yasinuke. Sio Jik, sio Dettol, sio chochote. Korea Kusini watu walikuwa wanauziwa dukani kabisa, tangu 1994, dawa ya kutia kwenye tangi la mashine ya unyevu iwe safi, chupa ina lebo nzuri, kila mtu anaamini. Mwaka 2011 hospitali ikaanza kupokea wajawazito na kina mama waliotoka kujifungua mapafu yameharibika bila sababu inayojulikana, kuchunguza ndo ikagundulika ni ile dawa, wanaivuta usiku kucha ikiwa imechanganyika na mvuke. Wengi walikufa, na watoto wadogo wakiwemo. Kitu salama sakafuni sio lazima kiwe salama kwenye mapafu. Safisha kwa kusugua na sabuni na maji moto, suuza mpaka povu liishe, na ukitumia siki siku hiyo Jik isisogee karibu, vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini.

La mwisho kwako, nunua kipima unyevu, kile kidogo cha dijitali, dola 10 hivi. Bila hicho unaendesha gari usiku bila taa. Na kwa sababu vingine vinadanganya, kijaribu: chukua kifuniko cha soda, tia chumvi ya kawaida, idondoshee maji kidogo iwe kama uji mzito isiyeyuke yote, kiweke pamoja na kipima kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa hewa isipite, kiache usiku mzima. Ndani ya huo mfuko unyevu unakuwa 75, hiyo ni tabia ya chumvi haibadiliki. Kikisoma 70 basi kila siku jiongezee 5 kichwani.

Usipitilize. Mi nilikaa Winnipeg miaka minne, na baridi ya kwanza baada ya kugundua siri ya taulo nikaona kama kidogo ni kizuri kingi ni kizuri zaidi, nikaanika matatu na sufuria juu ya jiko. Pua ilipona kweli. Dirisha likaanza kulia, maji yanachuruzika kioo kizima, nikawa nafuta tu kwa kitambaa nasema ni baridi. Mwezi wa tatu navuta kabati la nguo kulisogeza, ukuta wa nyuma umeota kuvu jeusi kuanzia chini mpaka kiunoni, suti yangu ya harusi ya kaka nayo imeota. Pesa ya dhamana ya nyumba sikuiona tena na sikuwa na neno la kujitetea. Kioo kikianza kulowa punguza, na zile siku za nyuzi 20 chini ya sifuri hata 30 inatosha, usiing'ang'anie 40. Kabla ya yote ziba mianya ya dirisha kwa ile plastiki wanayouza ya kubandika, vinginevyo unachota maji kwa pakacha.

Na mtoto kama damu ya puani inamtoka mara kwa mara hata hewa ikishakuwa sawa, au haikatiki haraka ukimbana pua, hilo mpeleke kwa daktari, sio langu.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi mwanafunzi hapa Dodoma, kuanzia mwezi wa sita upepo na vumbi, midomo na koo vinakauka, hostel hatuna feni na mfuko mwepesi. Kuna njia? – Wa mwaka wa pili

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe bora kuliko dada wa Minneapolis, kwa sababu yeye anatafuta feni na wewe unalalamika upepo. Huo upepo ndo feni. Lowanisha kanga au gunia safi, kamua, tundika dirishani upande upepo unakotokea usiku, hewa inaingia imepoa na imelowa na vumbi kidogo limebaki kwenye kitambaa. Dirisha la upande wa pili liache upenyo kidogo, hewa isipopata pa kutokea haiingii. Maji yakiwa ya mgao usimwage ndoo nzima kwa ajili ya hili, fua nguo zako jioni badala ya asubuhi, zianike ndani, kazi mbili kwa maji yale yale.

Kingine ni mtungi. Mtungi wa udongo ambao haukupakwa rangi unatoka jasho, sote tumeuona, na lile jasho ndo maji yanayovukiza, ndo maana ya ndani yanakuwa baridi. Ukae kwenye sahani ya mchanga uliolowa karibu na dirisha. Sikudanganyi kwamba utabadilisha chumba cha watu wanne, mtungi mmoja eneo lake ni dogo, ila utakunywa maji ya baridi ya bure na hilo koo linataka maji ya kunywa kuliko kitu chochote. Midomo paka mafuta ya mgando kabla ya kulala, na acha kuilamba, kuilamba ndo unaizidishia. Kwa vumbi lenyewe piga deki na kitambaa kilicholowa, ufagio mkavu unalirusha tu likuangukie usiku.

Mvua zikianza mwezi wa kumi na mbili ondoa kila kitu, usije ukaniandikia habari za kuvu.

SWALI: Fundi habari. Mtoto wangu wa miezi minane ana mafua, pua imeziba. Nimeona kwenye video mama mmoja wa Ulaya anamwekea mwanae mashine ya mvuke. Nitengenezeje na mimi? – Mama Mombasa

JIBU: Mama, usitengeneze. Angalia kopo lako la chumvi jikoni, si imelowa na kushikana? Hewa ya Mombasa imeshiba maji mpaka chumvi inayanywa, huyo mama wa Ulaya anatafuta kile ambacho wewe unakipata bure na kinakuchosha. Ukiongeza mvuke chumbani unalisha kuvu na wale wadudu wadogo wa vumbi wa kwenye godoro, ambao unyevu ukizidi 50 wananawiri, na kwa mtoto mwenye mafua ndo unamuongezea.

Kumfukiza juu ya sufuria ya maji moto, najua bibi atasema, usifanye. Watoto wanaungua vibaya hivyo, ni kofi moja tu la mkono sufuria imepinduka. Matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa, kumnyonyesha mara nyingi, basi. Ukiona anapumua haraka, mbavu zinabonyea kwa ndani au anakataa kunyonya, usisubiri asubuhi wala usiniandikie mimi, nenda hospitali.

SWALI: Salaam. Niko Muscat nafanya kazi ya nyumbani, chumba changu hakina dirisha la kufungua, AC inawaka masaa 24 na koo linaniuma kila nikiamka. Bomba la AC linatoa maji ndoo nzima kwa siku. Naweza kuyatumia kwenye hiyo mashine ya ndoo? – Dada wa Muscat

JIBU: Waalaikum salaam dada. Umeuliza swali zuri kuliko unavyodhani, maana hayo maji kwenye ndoo yametoka hewani, mengine humo humo chumbani mwako. AC inaikamua hewa, inayatupa nje kwa bomba, na wewe unataka kuyarudisha ndani ili iyakamue tena. Mtazungushana hivyo mpaka mkataba uishe.

Anza na rimoti. Kama iko 18 ipandishe 24 au 25, na upepo usikupige usoni, geuza zile sahani zake ziangalie juu au geuza kitanda. Wengi koo linapona hapo hapo. Kisha omba vichujio vyake vioshwe, vinatolewa kwa mkono tu, vikijaa vumbi unalivuta usiku kucha. Ikibaki shida, taulo moja mbali na AC, kwa maji ya bomba. Yale ya AC yamepita kwenye vyuma vyenye vumbi na bomba lenye utelezi, kapigie deki, mwagilia maua, hewani usiyarudishe wala usiyanywe.

SWALI: Fundi, mimi ni mpigaji wa udi, nililetewa udi kutoka Unguja nipo nao Toronto. Baridi iliyopita ulitoa sauti tahh usiku nikaruka kitandani, asubuhi nikaona ufa mdogo kwenye uso wake. Nisaidie baridi nyingine isiumalize. – Mtaarabu

JIBU: Aisee hiyo sauti naijua, inauma kuliko kuvunjikiwa simu. Mbao za huo udi zimezoea hewa ya Unguja, zikikutana na chumba cha hita zinanywea, na mbao hainywei kwa urefu, inanywea kwa upana, sasa uso umegundishwa pembeni kote hauna pa kwenda ndo unachanika kufuata nyuzi za mbao.

Chumba kizima ukikifanyia taulo na feni sawa, lakini kwa udi njia rahisi ni kulinda kesi yake tu, hewa yenyewe kidogo. Tafuta kile kiboksi cha plastiki cha sabuni cha safari chenye mfuniko, kitoboe matundu mengi upande wa juu peke yake, ndani weka sponji mpya uliyoilowesha ukaikamua mpaka haidondoshi hata ukiiminya. Kiweke kwenye kesi pale kwenye nafasi ya shingoni, kisiguse mbao, matundu yaangalie juu. Weka na kipima unyevu kidogo humo humo, mafundi wa vyombo vya nyuzi wanapenda 45 mpaka 55. Sponji utailowesha upya kila baada ya siku chache, kipima ndo kitakwambia, na kila wiki ioshe maana ikiota ukungu udi utanuka mpaka ndani ya tumbo lake. Ukimaliza kupiga urudi kwenye kesi na kesi ifungwe, kuutundika ukutani ni kwa kina sisi tulio pwani. Kesi isikae karibu na hita wala ukuta wa nje, na ukitoka nao kwenye gari la baridi kuingia ndani usifungue mara moja, uache masaa kadhaa ndani ya kesi upoe woga.

Ule ufa wa zamani usiutie gundi ya haraka. Mara nyingi ukishaurudishia unyevu polepole wiki mbili tatu ufa unajifunga wenyewe mpaka unabaki mstari tu, hapo ndo umpelekee fundi wa vyombo akauwekee kipande cha mbao kwa ndani. Ukiutia gundi ukiwa wazi unauganda ukiwa wazi, na mbao ikija kunenepa kiangazi itatafuta pengine pa kupasukia.